Mafundi kompyuta wa Tanga, pimeni kwanza kabla ya kutuambia mazabodi imekufa!

Wakuu, nimekasirika sana. Hapa Ngamiani ukipeleka kompyuta isiyowaka, jibu unapewa kabla hata kava halijafunguliwa: "Mazabodi imekufa hiyo, tukuwekee nyingine." Hiyo bodi kuu imekufa kwa kipimo gani? Multimita ya kupimia umeme iko mezani inashika vumbi!

Kompyuta yangu ya mezani ndiyo inayoendesha steshenari. Umeme ulikatika, uliporudi ikawa inawaka kidogo, feni zinazunguka, kisha inazima. Fundi akataka laki mbili na nusu abadilishe mazabodi. Tena aliyonayo inatumia RAM (kumbukumbu) aina ya DDR4 na zangu ni DDR3, haziingiani, kwa hiyo ninunue na RAM, na prosesa juu. Si bora aseme tu ninunue kompyuta nzima?

Nikaichukua. Kufungua ubavuni, pembeni ya prosesa kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimevimba vichwa, moja imevuja uchafu wa kahawia umegandia kwenye bodi. Zinaonekana kwa macho, jamani! Mzee mmoja anayetengeneza redio alizing'oa, akalehemu mpya zenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kutunza chaji) zilezile na volti isiyopungua ya zile za zamani, akapima pia pawa saplai kabla ya kuwasha. Haikufika elfu ishirini, na naandikia hapa kwa kompyuta hiyohiyo.

Sisemi kila bodi inatengenezeka. Chipseti, ile chipu kuu ya bodi, ikifa, au bodi ikiungua mpaka njia za ndani, nunua nyingine. Na sisi wa pwani hewa ya chumvi inatumaliza: kutu ikishakula miguu ya chipu, leo utalehemu hapa, kesho inakatika pale. Lakini nionyeshe hiyo kutu! Wengine wanaipasha chipu kwa hita, inawaka, wanachukua hela, haikawii inazima tena. Huo ni wizi.

Mteja aambiwe gharama ya kupima mapema, aonyeshwe palipoharibika, na bodi yake ya zamani arudishiwe. Ukiiacha dukani, kesho inachomolewa spea anauziwa mwingine.

Wa Chumbageni, Makorora, Raskazone, nani anamjua fundi anayepima kweli? Njooni PM. Na nyie mafundi mliomo humu, msipite kimya: kwa nini hampimi?