Tupeane uzoefu: mzee wenu anakaa wapi, na mlifikiaje uamuzi huo?

Wana Tanga, assalaam alaykum. Mama yetu ana miaka 78, yuko peke yake Ngamiani kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Magoti yanamsumbua na usiku uani hapaendeki. Kaka zangu wanataka ahamie kwao Dar. Kabla ya kikao cha familia naomba mnisimulie yenu.

Mdau, Makorora
Anza na choo, dada yangu. Baba alishindwa kuchuchumaa, basi tukampa chumba cha nyuma, tukatoboa mlango wa kuingilia chooni moja kwa moja na kuweka choo cha kukaa. Fundi alileta vigae vinavyong'aa, tukavikataa. Tukamwaga saruji na kuikwaruza isiteleze. Kizingiti tulikiondoa. Halafu kuna kitu tulikiona ukutani: mzee akitembea ukumbini alikuwa anapitisha kiganja, pakawa na mstari mweusi usawa wa kiuno. Bomba la kushikia tulilifunga juu ya mstari uleule. Hajaanguka tangu hapo, alhamdulillah.

Binti wa Pangani
Sisi bibi tulimpeleka Dar, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Watoto kazini, wajukuu shule, yeye na televisheni. Kula akaacha. Pangani alikuwa akikaa barazani kila apitaye anamwamkia, anajua nani kafiwa, nani kajifungua. Tulimrudisha. Sasa mjukuu analala kwake na sisi tunachanga mshahara wa dada wa kazi. Kwenye kuchanga ndiko kwenye ugomvi, kwa hiyo kikaoni muandike nani anatoa nini.

Chumbageni
Pangisheni vyumba viwili. Kodi inamlipa msaidizi, na usiku kuna watu ndani.

Mdau, Mwanzange
Huku kwetu kuna makazi ya wazee ya serikali. Yale ni ya wasio na ndugu wala uwezo, na njia yake ni ofisi ya ustawi wa jamii, siyo pa kumpeleka mwenye watoto. Angalieni pia umbali wa hospitali: Ngamiani hadi Bombo ni karibu, na bajaji haikosekani. Ila nimesoma yote haya, mama mwenyewe anataka nini? Kikao kianze na yeye.

Mwenye mada
Ahsanteni sana. Nimempigia sasa hivi. Dar hataki hata kuisikia. Anataka abaki chumba chake cha mbele, dirisha linaloangalia barazani, choo ndicho kisogezwe. Nyumba ni ya zamani, ya miti na udongo, naogopa ukuta kutobolewa ovyo. Mwenye fundi aliyezizoea nyumba hizi anielekeze, tafadhali.