Hilux ya 1996 yenye injini ya 3L: matengenezo yapi yafanywe kwa pamoja, na turbo ingoje?

ViaziNjombe

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninamiliki Toyota Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli ya 3L (jina la aina ya injini, si ujazo wa lita), ambayo kwa miaka 7 nimekuwa nikibebea viazi kutoka mashambani hadi Njombe mjini na Makambako, na mara moja kwa mwezi hushuka nayo hadi Morogoro na kurudi na mbolea. Siku hizi inawaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, inakula oili karibu lita 1 kwa kila kilomita 1,000, na maji ya rejeta yanapungua ingawa sioni yanapovujia. Nikiwa narudi na mzigo, mshale wa joto hupanda pale kwenye mlima wa Kitonga hadi ninalazimika kusimama. Klachi nayo imeanza kuteleza, na pampu ya dizeli ina unyevu kwenye shafti ya mkono wa mafuta.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni 4, na mavuno yakiisha ninaweza kuliegesha gari kwa wiki 3. Fundi mmoja anataka tushushe injini na kuifanyia ovaholi kamili (kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa). Mwingine ananishauri ninunue injini ya mtumba ya 5L. Nami mwenyewe nimetamani kwa muda mrefu kufunga turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ili gari lipande mlima bila kuhangaika. Sitaki kulipa ufundi mara mbili kwa kufungua sehemu ile ile. Naomba mnisaidie kupanga: kipi kitangulie, vipi vifanywe kwa pamoja, na kipi niachane nacho kabisa?

FundiDizeli

Ndugu, usikubali injini ishushwe kabla haijapimwa. Dalili ulizotaja zinaweza kutokana na ringi za pistoni zilizochoka, lakini zinaweza pia kutokana na gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, sehemu ya juu ya injini) peke yake, na tofauti ya gharama kati ya mambo hayo mawili ni kubwa mno kuamuliwa kwa kutazama moshi.

Anza na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe imepata moto, betri iwe na nguvu, waya wa kuzimia kwenye pampu uchomolewe ili dizeli isiingie, kisha geji ya dizeli ifungwe kwenye tundu la plagi ya kupashia moto, silinda moja baada ya nyingine. Injini ya 3L iliyo nzima hutoa takriban kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Baada ya hapo, silinda yoyote iliyo dhaifu ipulizwe upepo wa kompresa, valvu zake zikiwa zimefungwa, nanyi msikilize unakotokea. Ukitokea kwenye mfuniko wa oili, ringi hazishiki. Ukitoa mapovu kwenye rejeta, tatizo ni gasketi au ufa wa hedi. Ukitokea kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa, ni valvu. Kazi hii haimalizi hata nusu siku, na ndiyo itakayokuambia iwapo una mradi mdogo au mkubwa.

Kuhusu kuunganisha kazi, mimi hupanga kwa kuangalia kinachofunguliwa. Hedi ikitolewa, mkanda wa taimingi umekwisha kutoka, kwa hiyo hakuna sababu ya kurudisha wa zamani: weka mkanda mpya na tensheni yake, pamoja na sili za mbele za krenki na kamshafti. Toyota inataka mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ndiyo maana kuna taa yake kwenye dashibodi. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Pampu ya maji katika injini hii huzungushwa na fenibelti wala si na mkanda wa taimingi, lakini feni na rejeta vikiwa vimeshatolewa mbele, kuibadilisha ni suala la boliti chache tu. Klachi, kwa upande mwingine, inahitaji giaboksi ishuke, si injini. Giaboksi ikishuka, badilisha diski, presha pleti, beringi ya kuachia na sili ya nyuma ya krenki kwa mkupuo mmoja, kwa sababu oili ikivuja kwenye diski mpya utakuwa umetupa fedha.

MamaMizigo

Mwanangu, mimi nina magari mawili ya mizigo huku Mbeya, na ninakusihi sana suala la turbo uliweke kando kwa sasa. Miaka michache iliyopita nilikuwa na 3L kama yako. Gereji moja ilinifungia turbo ya mtumba na kuongeza mafuta kwenye pampu, lakini rejeta ikabaki ile ile iliyojaa kutu. Kwa wiki 2 gari lilipanda kama jipya. Wiki ya tatu hedi ilipasuka tukiwa njiani na mzigo, tukalala barabarani, na gharama ya hedi nyingine pamoja na ndizi zilizoharibika ilinirudisha nyuma msimu mzima. Turbo ilikuwa imeiongezea injini joto ambalo rejeta haikuweza kuliondoa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya uboreshaji iende kwenye upozaji: rejeta ifunguliwe na kusafishwa kwa ndani, au iwekewe koa (sehemu ya ndani yenye mirija ya maji) yenye safu nyingi zaidi, thamostati iwe mpya, na isiondolewe kama baadhi ya mafundi wanavyopenda kufanya, klachi ya feni ikaguliwe, na uweke kulanti badala ya maji ya bomba, ambayo ndiyo yanayoleta kutu.

Kuhusu 5L, ni kweli kwamba ni ya familia moja na 3L, ikiwa na lita 3.0 badala ya 2.8, na inakaa pale pale bila kuhangaika sana. Hata hivyo, injini ya mtumba ni injini iliyotumika na mtu usiyemjua. Usilipe kabla ya kuona kompresheni yake, na hata ukiridhika, badilisha mkanda na sili ikiwa bado chini. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadilisha injini ni lazima taarifa irekebishwe TRA, na uwe na karatasi za manunuzi zinazoonyesha injini hiyo imetoka wapi.

PampuNaNozeli

Ninaomba kuongeza jambo moja kuhusu pampu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Sili za pampu za miaka ya 1990 huenda zilikauka na kuanza kuvuja baada ya nchi za Afrika Mashariki kuhamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, hivyo unyevu unaouona si wa ajabu. Hewa ikipenya kwenye sili hiyo usiku, dizeli hurudi kwenye tangi na gari huwaka kwa shida asubuhi, na mtu huweza kuilaumu kompresheni bure. Pampu itafunguliwa boliti zake wakati wa kazi ya taimingi, basi ipelekwe moja kwa moja kupimwa kwenye mashine pamoja na nozeli zote 4 zinazopuliza dizeli kwenye silinda, na washa za shaba za chini ya nozeli zisirudiwe.

Mwambie atakayeipima kwamba gari linafanya kazi Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pampu iliyowekwa kiasi cha mafuta cha Dar es Salaam itatoa moshi mweusi huko kwenu, itapandisha joto la ekzosi na kumaliza dizeli bila faida.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Mama. Turbo ya presha ndogo, isiyozidi nusu baa, inarudisha hewa ambayo mwinuko umeiondoa, na kwa mtu wa Njombe hilo ni hitaji la kweli. Lakini iwe kazi ya mwaka ujao, injini ikiwa imethibitishwa kuwa nzima, na ifungwe pamoja na geji ya joto la ekzosi ambayo dereva anaiona.

ViaziNjombe

Shikamoo Mama, na ninawashukuru mafundi. Tumepima jana. Silinda ya 1 imetoa kilo 27, ya 2 imetoa 27, ya 3 imetoa 19 na ya 4 imetoa 20. Tulipopuliza upepo silinda ya 3, ulisikika ukitokea kwenye tundu la silinda ya 4, na mapovu yakaonekana kwenye rejeta. Kwenye mfuniko wa oili haukutoka upepo wa kutisha. Je, bado nifanye ringi?

FundiDizeli

Hapana. Gasketi imekatika kati ya silinda ya 3 na ya 4, na ringi zako bado zina maisha. Oili inayopungua, anza na sili za valvu, ambazo zitabadilishwa hedi ikiwa mezani. Injini ibaki ndani ya gari. Kinachotoka ni hedi, mkanda na viambatanisho vyake, pampu, rejeta na giaboksi. Fedha iliyookolewa kwenye ovaholi iwe ya rejeta na pampu.

Hedi ikifika karakana, waombe wapime nyufa kwanza, hasa kati ya valvu, kabla ya kuichonga, kwa sababu karakana nyingine huchonga, hulipwa, halafu ndipo hugundua ufa. Isichongwe zaidi ya inavyohitajika, na kina cha valvu kipimwe upya baadaye. Gasketi za 3L zina unene tofauti na hutambulika kwa alama zilizokatwa pembeni. Kinachochagua unene ni kiasi ambacho pistoni inachomoza juu ya bloku. Mwambie fundi wako apime pistoni zote 4 kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale kama wa saa), aandike vipimo hivyo, kisha ndipo uende dukani kununua gasketi.