Ukoo wa Bi Mwanaisha: makadeti wa sinema na wanawake wa Mtongwe

Salim: Asalaam aleikum ukoo, shikamooni wakubwa. Jana usiku nimeitazama Annapolis, ile ya 2006 ya James Franco, ya chuo cha maofisa wa nevi ya Marekani. Mjomba Hamisi, kumbe nevi ni raha hivi! Niandikisheni.

Mjomba Hamisi: Waaleikum salaam. Marahaba. Raha gani hiyo umeiona?

Salim: Ndondi mjomba. Jamaa anaunda manowari ng'ambo ya mto, kila siku macho yako chuoni. Anaingia, mkubwa wake (Tyrese) anamsumbua roho, mwisho wanamalizana ulingoni.

Mamdogo Rukia: 😂😂 Salim mwanangu, mimi si ndiko ninakokaa, mjini Annapolis. Hakuna kiwanda cha manowari ng'ambo ya kile chuo. Ukivuka kijito uko Eastport, mashua za matanga za wenye pesa zimejipanga. Na chuo ulichokiona si chenyewe. Wanamaji walikataa kusaidia filamu ile, ikaenda kupigwa Philadelphia kwenye shule ya Girard College.

Zuhura: Hao ndivyo walivyo, Shangazi. Wakiipenda hadithi wanakupa manowari na ndege, tazama Top Gun ya 1986. Wasipoipenda ujitafutie. An Officer and a Gentleman ya 1982 ilinyimwa kambi ya nevi ya Pensacola, ikapigwa Port Townsend huko jimbo la Washington, kwenye ngome ya zamani.

Mama Salim: Ya Richard Gere hiyo? Anaingia kiwandani na sare nyeupe, anambeba msichana mbele ya mashine? Tuliitazama kwa kanda, wasichana sebule nzima tunalia.

Mjomba Hamisi: Mlikuwa mnalia, sisi tulikuwa tunamtazama sajenti. Louis Gossett Jr. Alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kazi ile, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata. Masajenti wa namna ile nimepita mikononi mwao. Akikuita jina lako taratibu, ujue umeharibu.

Mjomba Hamisi: Lakini Salim usichanganye. Ile si chuo cha miaka minne kama cha Annapolis. Ni kozi ya wiki 13, watu waliokwisha maliza chuo kikuu wanaotaka kurusha ndege za nevi.

Zuhura: Mimi sajenti huyohuyo ndiye aliyenikera. Makadeti hawajafungua hata mabegi, anawaonya kuwa wasichana wa mji ule kazi yao kutega marubani, hata kwa mimba. Halafu filamu inakubaliana naye! Lynette anadanganya ana mimba, kijana anaacha kozi amuoe, binti anamkataa kwa sababu si rubani tena, kijana anajiua. Paula peke yake ndiye anayepewa ubinadamu, na zawadi yake ni kubebwa atolewe kazini. Wenzake wanabaki na mashine zao wanapiga makofi.

Mama Salim: Eh Zuhura, umeniharibia filamu yangu.

Bibi (kwa sauti, nimeandika mimi Zuhura): Maneno hayo yalisemwa hapahapa Mtongwe, Mombasa, kwenye kambi ya nevi yetu. Binti akipita karibu na lango la kambi na leso mpya, kesha semwa anatafuta mwanajeshi. Na nani alikuwa akimtafuta mwenziwe? Wao ndio waliokuwa wakija barazani kwangu kununua mahamri, chai inapoa, hawaondoki. Hamisi, mkeo ulimpatia wapi?

Mjomba Hamisi: Mama, humu mna watoto.

Mama Salim: Kwenye foleni ya feri 😂 Sote tunajua.

Mamdogo Rukia: Mama kasema kweli tupu. Sinema zinamtazama kadeti, mji unakuwa baa ya kwenda kupigana. Mimi naishi upande wa pili wa ule ukuta, niwaambie. Kila kadeti wa mwaka wa kwanza anaweza kupewa familia ya mjini ya kumlea. Jamaa wanajitolea, hawalipwi. Sisi tuna wetu, mtoto wa watu kutoka Texas. Jumamosi akipata ruhusa anakuja na sare yake imenyooka, anavua viatu, anakula pilau mpaka jasho, halafu analala kwenye kochi kama maiti. Ndivyo mji unavyowajua: wamelala. Hakuna mtu atakayetengeneza filamu ya kadeti amelala.

Salim: Mamdogo hiyo nafasi ya kulala mimi ndiyo naitaka.

Mamdogo Rukia: Subiri kwanza. Mwisho wa mwaka wa kwanza wanapanda mnara wa Herndon, jiwe lenye urefu wa mita sita na kitu, limepakwa mafuta ya kupikia. Juu kuna kofia ya mwanafunzi mchanga, lazima itolewe iwekwe ya mkubwa. Wanapandiana mabegani, wanaporomoka, wanaanza tena. Mwaka 1995 iliwachukua zaidi ya saa nne. Wanasema atakayefika juu ndiye atakayekuwa admirali wa kwanza wa darasa lake. Bado haijatimia hata mara moja.

Mamdogo Rukia: Na harusi! Kadeti haruhusiwi kuwa na mke wala mume akiwa chuoni. Kwa hiyo siku ya kuhitimu wanarusha kofia juu (wanafanya hivyo tangu 1912), watoto wa mji wanakimbilia kuziokota, na hazijapoa kanisa la chuo linaanza kufungisha ndoa, moja inatoka nyingine inaingia. Maharusi wanapita chini ya panga. Kuna mabinti wamengoja miaka minne siku hiyo. Na wavulana pia wamengoja, maana wanawake walianza kuchukuliwa 1976.

Zuhura: Sasa hiyo ndiyo filamu.

Mjomba Hamisi: Hawataitengeneza. Tangu zamani kwao kadeti ni michezo. Hata ya James Stewart ya 1937, Navy Blue and Gold, ni mpira wa Kimarekani. Salim, nikwambie nevi ni nini. Ni kukwangua kutu na kupiga rangi, ukimaliza mbele, nyuma kumeshaota kutu tena. Ni zamu ya saa nane usiku, unaitazama giza. Na ukitaka kuwa ofisa wa nevi Kenya unaanzia Lanet, Nakuru. Bahari utaiona kwenye picha.

Salim: Nakuru??

Mjomba Hamisi: Nakuru, na baridi yake. Kama unataka filamu tazama Men of Honor ya 2000. Carl Brashear, mtoto wa wakulima wa Kentucky, mzamiaji. Mwaka 1966 walikuwa Uhispania, Palomares, wakitafuta bomu la nyuklia lililozama. Ajali ikamvunja mguu, ukakatwa. Akarudi kuzamia na mguu wa bandia, na 1970 akawa mweusi wa kwanza kufika daraja la juu la wazamiaji wa nevi yao. Sinema imetia chumvi, lakini mtu mwenyewe ni wa kweli.

Mama Salim: Na mkewe analia filamu nzima.

Mjomba Hamisi: Hilo kweli.

Mama Salim: Mimi nakumbuka Septemba 2012, meli zetu zimekwenda vitani Kismayu, Somalia. Mtongwe redio hazikuzimwa. Mke wa fulani akiletewa mgeni mlangoni mtaa mzima unatoka nje. Mgeni mwenyewe kaja kudai pesa ya maziwa.

Bibi (kwa sauti): Tulikuwa tunapika chungu kimoja, nyumba hii na ile, ili asikae mtu peke yake. Hayo Marekani wanayo?

Mamdogo Rukia: Wanayo Mama, kwa namna yao. Wanapelekeana vyakula kwenye sahani za karatasi.

Mamdogo Rukia: Salim, ukija nitakupeleka gatini. Pale pana sanamu ya Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, amekaa, watoto mbele yake, anawasimulia. Ni kwa ajili ya Kunta Kinte, ambaye Haley aliandika kuwa ni babu yake, aliyeshushwa Annapolis 1767 na meli ya watumwa. Tembea kidogo tu uko kwenye lango la chuo. Chuo kilianza 1845, na mweusi wa kwanza kuhitimu, Wesley Brown, alimaliza 1949. Watano waliingia kabla yake, hakumaliza hata mmoja. Nionyesheni hiyo filamu nitaikatia tiketi.

Zuhura: Haley mwenyewe alikuwa baharia, Shangazi. Miaka 20 na walinzi wa pwani wa Marekani, aliingia 1939 kama mtumishi wa mezani. Wenzake walikuwa wakimlipa awaandikie barua za mapenzi wapeleke kwa wasichana wao.

Bibi (kwa sauti): Kumbe kila nevi ina wake! Hata hapa alikuwepo kijana mmoja wa Lamu, mwandiko wake kama wa chapa.

Zuhura: Baba. Zile barua Mama anazozifungia kabatini, kwani mwandiko ni wako?

Mjomba Hamisi: Salim, nafasi za KDF, jeshi la Kenya, hutangazwa kwenye magazeti. Uandikishaji ni bure, usimpe mtu pesa.

Zuhura: Baba?

Mama Salim: 😂😂😂