Natembeza wageni nyumbani kwa Freddie Mercury lakini albamu yake imenishinda. Naomba ushauri

MtembezaShangani

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi natembeza wageni hapa Mji Mkongwe, huu mwaka wa sita, na leseni ninayo, si papasi. Kila siku ya kazi lazima nipite Shangani kwenye jengo la Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, ambalo tangu 2019 ni makumbusho. Maneno ya pale nayasema hata usingizini: jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, baba mtunza fedha wa serikali enzi za Mwingereza, mtoto akapelekwa kusoma India, familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Wageni wanapiga picha, tunashika njia ya Forodhani.

Wiki iliyopita nilipata mama mmoja wa makamo, Mwingereza. Akaniuliza, "Wewe katika A Night at the Opera unapenda wimbo gani?" Hiyo ni albamu yao. Nikachekacheka. Nikamwambia zote. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeibia mtihani. Wallahi niliona aibu.

Usiku nikanunua bando, nikaisikiliza yote, nyimbo 12, kama dakika 43 hivi. Sikuambulia kitu. Wa kwanza mtu kakasirika anamtukana mwenzake. Wa pili kichekesho cha dakika moja. Wa tatu jamaa anaimbia gari lake. Mara gitaa la kijijini, mara kinubi, mara bendi ya zamani ya tarumbeta. Nilidhani simu imeruka kwa msanii mwingine. Bohemian Rhapsody ndiyo naijua, maana baa za watalii haziishi kuipiga, ila pale penye "Bismillah" sijui hata leo nicheke au nizime.

Sasa ushauri wenu: ubovu ni masikio yangu ya taarab na bongo fleva, au albamu yenyewe ndiyo imechanganyikiwa? Na niisikilizeje ili siku nyingine nimjibu mgeni kitu ninachokiamini? Sitaki kukariri ya mtandaoni, nitaumbuka tena.

KichwaNgumu

Unajitesa bure mkuu. Akikuuliza mwambie We Are the Champions, maliza kazi, chukua bakshishi yako.

FundiSanturi

@KichwaNgumu ndiyo mwenzako ataumbuka vizuri. We Are the Champions ni ya 1977, albamu nyingine kabisa. Shabiki wa Queen atamshusha thamani palepale.

Mtembeza, mimi natengeneza mashine za kupigia santuri hapa Dar, na sahani ya albamu hiyo nimeishika mkononi mara nyingi. Jalada jeupe, katikati nembo aliyoichora Freddie mwenyewe: simba wawili, kaa mmoja na viumbe wawili wenye mbawa, ambazo ni nyota za kuzaliwa za wanabendi wale wanne. Iko hivi, simu imekupotosha. Albamu ya 1975 ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza nyimbo saba, unakwisha, sindano inakwaruza, unainuka unageuza sahani, pengine unachemsha chai kwanza. Upande wa pili nyimbo tano. Wewe umeimeza kwa mkupuo mmoja kama mtu aliyekula pilau na halua kwenye sahani moja.

Leo sikiliza upande wa kwanza peke yake. Jina la albamu wamelitoa kwenye filamu ya vichekesho ya 1935 ya ndugu wa Marx, na upande ule una utani mwingi kuliko watu wanavyodhani. Hicho "kichekesho cha dakika moja" ni Lazing on a Sunday Afternoon. Umesikia sauti inavyotoka kama redio ya mbao ya babu yako? Hakuna mashine ya ajabu pale. Sauti ya Freddie waliipitisha kwenye hedifoni, hedifoni wakaziweka ndani ya ndoo ya bati, kisha wakairekodi ikitokea humo. Ndoo! Halafu nenda Seaside Rendezvous: zile filimbi na tarumbeta za katikati ni midomo ya Freddie na Roger Taylor, mpiga dramu wao. Ule mlio wa viatu vya kucheza ni vidole vyao, wamevivalisha vile vikofia vya chuma vya fundi cherehani, wanagonga meza.

Kesho yake upande wa pili. Unaanza na The Prophet's Song, zaidi ya dakika nane, ndoto ya Brian May, mpiga gitaa wao, kuhusu gharika. Huo usiusikilize kwa spika ya simu, utaumaliza bure. Vaa hedifoni zote mbili. Katikati ala zinanyamaza, Freddie anabaki peke yake. Anaimba neno, linarudi sikio la kushoto, kabla halijafa linarudi la kulia, naye anaimba juu ya mwangwi wake mwenyewe hadi wanakuwa watatu. Hapo zima taa.

Hapana_Sikubali

Nyie mashabiki mna tabia ya kumfanya mtu ajione mshamba asipopenda mnachopenda. Kijana kasikia sawasawa. Albamu imechanganyikiwa. Sweet Lady ni wimbo wa kujazia nafasi, mimi huuruka kila mara. Ule wa gari, I'm in Love with My Car, kelele za mtu mzima na mdoli wake. Na wajanja wanajua Roger aliung'ang'ania ukae nyuma ya santuri ya Bohemian Rhapsody, akavuna mirabaha sawa na Freddie kwa kila nakala iliyouzwa. Biashara nzuri, wimbo wa kawaida.

Ukitaka Queen waliokaza mkanda, tafuta albamu yao ya Sheer Heart Attack ya 1974. Hii ya 1975 wamepewa studio na pesa wakalewa. Inasemwa zilikwenda kama pauni 40,000, na wakati ule haikuwapo rekodi iliyosifika kwa gharama kama hiyo.

FundiSanturi

Sweet Lady nakuachia, sina ugomvi. Ila "wakalewa pesa" umeonea. Hawa walikuwa na jina kubwa na mifuko mitupu. Ule wimbo wa kwanza wa matusi, Death on Two Legs, unamhusu meneja waliyekuwa wameachana naye wakiamini amewanyonya. Walikuwa wanapigwa redioni huku wanahesabu nauli. Msanii gani wa kwetu asiyeijua hadithi hiyo? Mtembeza, usikilize tena ukijua hilo, ile piano ya mwanzo inavyokuja kama mtu anapanda ngazi kuja kudai chake.

BintiNgambo

Mdogo wangu Mtembeza, nimekusoma nikacheka, lakini hilo la "masikio ya taarab" umenikera kidogo. Taarab ndiyo mtaji wako! Umekulia kwenye mji ambao wimbo unakwenda robo saa na hakuna anayenung'unika. Kabla mwimbaji hajainuka kuna bashraf, ala tupu, watu wamekaa wametulia, kanuni na fidla zinazungumza. Leo umekuwa mtu wa kuruka wimbo sekunde ya ishirini kwa sababu ya simu.

Basi nakupa wimbo wako: Love of My Life. Usiutafute ule wa jukwaani wenye gitaa na umati unaoimba, ni mzuri lakini si wenyewe. Huu wa albamu una piano na kinubi. Kinubi kapiga Brian May, ambaye si mpiga kinubi. Alikuwa akipata mkwaju mmoja wa nyuzi, anarekodi, anasimama kukaza nyuzi upya, anarudi mkwaju unaofuata. Alitumia muda mwingi kukaza kuliko kupiga. Wewe sikia ile mikwaju inavyoshuka kama shanga zilizokatika uzi, halafu uniambie hujaguswa, nikuletee daktari.

Sauti ya Freddie pale haina makeke. Anaomba tu. Marehemu bibi yangu hakujua Kizungu hata neno, nilimpigia siku moja, akasema, "Huyu kaachwa."

Ustadh_Mpole

Nijibu la Bismillah, maana naona mnalikwepa.

Neno limo, na linatamkwa zaidi ya mara moja. Ukifuata kisa, kuna kijana ameua mtu, anamwaga kilio kwa mama yake. Kisha inaingia ile sehemu ya opera kama baraza la hukumu, kundi moja linataka aachiwe, jingine linakataa kwa kiapo hicho. Mumo humo kuna majina ya Scaramouche, Galileo, Figaro na Beelzebub. Kimekuwa chungu cha kila kiungo. Freddie hakupata kuueleza maana yake hadi anafariki 24 Novemba 1991, kwa hiyo anayekuambia anajua alichokusudia anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwao walikuwa Wazoroasta, dini ya Waparsi, si Waislamu, ila mtoto aliyezaliwa Unguja hakosi kulisikia neno hilo kila mlango.

Mimi binafsi sipendi likae kwenye wimbo wa namna hiyo, na nikifika pale napunguza sauti. Mwingine haoni shida. Wewe mgeni akikuuliza, mwambie unavyohisi wewe. Usicheke kumridhisha mtu, na usijitie hasira usiyokuwa nayo.

FundiSanturi

Ustadh umesema. Niongeze la ufundi: ule umati wa opera ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, John Deacon, mpiga besi, hayumo. Wameimba wiki nzima nzima, sauti juu ya sauti, hadi utepe ukapauka ukawa unapitisha mwanga. Ile sauti nyembamba kabisa inayopanda kwenye Galileo ni ya mpiga dramu.

KichwaNgumu

Mpiga dramu??? Haya nimekaa chini, endeleeni.

MwalimuFizikia

Mmeupita '39 kama kituo cha basi. Aliousema Mtembeza "gitaa la kijijini" ni wimbo wa safari ya anga! Brian May kabla ya umaarufu alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa elimu ya nyota, akaiacha, akaja kuimaliza 2007. Humu anasimulia wasafiri waliokwenda kutafuta dunia nyingine. Kwao umepita mwaka mmoja, wakarudi wakakuta nyumbani imepita miaka mia. Ni hesabu ya Einstein: chombo kikikaribia kasi ya mwanga, saa zake huenda polepole. Anarudi, mpenzi wake hayupo, macho yake anayaona kwa kizazi chake.

Huwa nauchezesha darasani kidato cha sita. Wanafunzi wangu wa kwanza kuulewa walikuwa wale ambao baba zao wanafanya kazi Uarabuni.

Hapana_Sikubali

'39 nautoa kwenye malalamiko yangu. Na You're My Best Friend pia, ule wa Deacon. Freddie alikikataa kile kinanda cha umeme, hakipendi mlio wake, basi mpiga besi akakibeba nyumbani akajifunza mwenyewe. Mnaona, si kila kitu nachukia.

MtembezaShangani

Wakubwa, nimerudi na majibu. Nilifuata maelekezo: usiku wa kwanza upande mmoja, wa pili mwingine, hedifoni nimeazima kwa mpangaji mwenzangu.

Da Binti, Love of My Life nimeipenda ila haikuwa yangu. Ni ya mtu aliyeachwa, na mimi bado sijaoa. The Prophet's Song ilinitisha, niliwasha taa. Death on Two Legs sasa naielewa, nilifanya kazi msimu mmoja kwa bwana mmoja ambaye mshahara ulikuwa "kesho", nikajikuta natikisa kichwa. Sweet Lady nakubaliana na Sikubali.

Iliyonishika ni ambayo hakuna aliyeitaja humu: Good Company. Anaimba Brian. Baba anamwusia mwanawe awatunze walio wake, mtoto anakua, anaoa, biashara inashamiri, marafiki wanapungua mmoja mmoja, mwishoni kazeeka yuko peke yake na kiko. Nimewaona wazee wa hivyo hapa mtaani, nyumba kubwa, baraza tupu. Na nyuma kuna bendi inacheza kwa furaha kabisa, utadhani haijui mambo yanayosimuliwa.

FundiSanturi

Mwanangu umepatia. Sasa nikupe la kuwaringia wageni: hakuna bendi pale. Tarumbeta, tromboni, klarineti, zote ni gitaa la Brian, lile alilolitengeneza na baba yake, mti wa shingo ukiwa umetoka kwenye fremu ya tanuri la kuotea moto. Alirekodi sauti moja moja hadi ikawa bendi nzima.

MtembezaShangani

Fundi, leo nimelitumia. Nilikuwa na Wajerumani wanne, mmoja kavaa fulana ya Queen. Nilipofika pale mlangoni nikaacha hotuba yangu katikati, nikamwambia wimbo wangu ni Good Company, na tarumbeta zake ni gitaa. Akabisha. Anasema ana santuri hiyo nyumbani tangu kijana, zile ni tarumbeta. Nikatoa simu, tukakaa barazani jirani, yeye sikio hili mimi lile. Tumeurudia mara tatu, wenzake wamechoka wanataka juisi ya miwa, hadi mwenye nyumba akafungua mlango kuuliza tunamsubiri nani.