Hanisako yangu Mtwara: majani tele, maua hakuna

Mama wa Shangani

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, Shangani, si mbali na bahari. Nina hanisako (honeysuckle), mti wa kutambaa, ile ya Kijapani inayochanua nyeupe kisha ua linageuka manjano. Kipande alinipa wifi yangu wa Lushoto. Kwake imefunika uzio mzima, na jioni harufu inakupokea kabla hujafika getini. Mimi nimeipanda kwenye ndoo kubwa ya rangi, upande wa machweo, ikaegemea ukuta wa sebule. Imepanda hadi kwenye bati, majani mpaka nayakata. Maua? Mvua zilizopita ilitoa machache kule juu kabisa, na hayo aliyaona fundi aliyepanda kurekebisha bati.

Naipa mbolea ya kuku kila nikisafisha banda. Maji ni ya kisima. Sasa ncha za majani zinakauka kama zimebabuliwa, na kwenye machipukizi kuna vidudu vya kijani vimebanana, sisimizi wanapanda na kushuka. Mama mkwe naye kila akija ananiambia niing'oe: mti wa kutambaa unaita nyoka, harufu ya usiku inaita majini. Natamani nimjibu kwa maua. Nifanyeje?

Korosho Daima

Hao ni wadudu mafuta, dada. Nina salfa ya mikorosho imebaki, nikuletee kidogo?

Bibi Miche, Lindi

Korosho Daima, salfa yako iache ghalani mwanangu. Hiyo ni dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wadudu mafuta hawaijali. Tena mikorosho mnaipulizia alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Ukuta wa huyu mwenzio saa tisa alasiri unaweza kukaushia dagaa. Ukimwaga salfa pale utaunguza majani yaliyobaki.

Mama wa Shangani, tuanzie kwenye mizizi. Hanisako asili yake ni Japani, China na Korea, na inapenda miguu ikae kivulini, kichwa kiote jua. Lushoto kuna baridi, hata ukiipanda ovyo inavumilia. Pwani haivumilii. Ndoo ya plastiki ikipigwa jua la magharibi udongo unapata moto mpaka katikati, mizizi haina pa kukimbilia. Itoe humo, ipande ardhini upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi mpaka adhuhuri. Shimo la futi mbili kwenda chini, na upana hivyohivyo, mchanga wenu huo uuchanganye na mboji iliyooza sawasawa. Kisha funika udongo kwa makumbi ya nazi, ila yasigusane na shina. Yawe makumbi ya shambani. Yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi.

Na chumvi ndiyo inayokula hizo ncha. Maji ya kisima cha karibu na bahari yanaingia ndooni, maji yanakauka, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Yaonje. Ukiisikia chumvi ulimini, basi mti umeshaisikia zamani. Kusi nalo linabeba ya kwake kutoka baharini, ndiyo maana miezi hii majani huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi jioni mojamoja. Mvua zikianza kinga maji ya bati, hayo ndiyo yake.

Mbolea ya kuku acha kwanza. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Unapata machipukizi laini, yamejaa utomvu, na wadudu mafuta hawataki kingine. Wakishanyonya wanatoa majimaji matamu, sisimizi wanayakomba, na kwa ajili ya utamu huo wanawalinda wasiliwe. Usije ukawafananisha sisimizi hao na maji moto, wale chungu wa kwenye mikorosho wanaowinda mbu wa korosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Hao ni askari, hawa wako ni wachungaji. Chukua maji yenye sabuni kidogo, nyunyizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku chache.

Sasa nijibu: umesema majani unayakata. Unakata lini, na wapi?

Mama wa Shangani

Shikamoo bibi. Nakata kila yakiziba dirisha. Nafyeka ncha tu, shina siligusi.

Bibi Miche, Lindi

Marahaba. Basi hapo ndipo maua yako yanapokwenda.

Angalia chipukizi jipya kwa karibu. Majani yanatoka mawili mawili, yameelekeana. Maua ya hanisako hii hutoka kwenye kwapa la jani, nayo mawili mawili, kwenye tawi la msimu huohuo. Ukifyeka ncha kila wiki unatupa maua kabla hayajawa maua. Yale aliyoyaona fundi yalinusurika kwa sababu mkasi wako haufiki huko.

Pogoa mara moja, Oktoba, jua likiwa bado kali. Toa matawi makavu na yaliyosongana ndani, fupisha marefu, halafu weka mkasi kabatini. Dirisha likizibwa, lisogeze tawi pembeni ulifunge kwa kamba kwenye waya, linajizungushia lenyewe.

Mikindani Kwetu

Kujitesa kote huku kwa nini? Panda asmini. Joto letu inalijua, harufu ipo, na jioni unachuma unatia kwenye nywele.

Bibi Miche, Lindi

Hilo nakubali, asmini nauza mwenyewe na hairudishwi. Lakini mwenzetu ameomba dawa ya hanisako, tusimpe talaka.

Mama wa Shangani

😂 Nimeonja kisima. Chumvi ipo. Je, nihamishe sasa hivi? Na nyoka?

Bibi Miche, Lindi

Sasa hivi hapana, ngoja mvua ya Desemba ishike. Kwa leo isogeze ndoo kivulini, bila kuyararua matawi ukutani, na uitoboe chini zaidi. Kisha jiwekee akiba: chukua tawi refu la chini, likwangue gamba kidogo, lilaze kwenye chungu chenye udongo, kandamiza kwa jiwe. Likishaota mizizi, kata. Mama akifa kwenye kuhama, mtoto unaye.

Nyoka hafuati harufu ya maua, anafuata panya na mijusi, na anapenda giza la chini. Pale karibu na ardhi pasafishe paonekane. Habari ya majini mwachie mama mkwe.

Matawi unayokata usiyatupe korongoni, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Marekani waliuingiza mti huu mwaka 1806, wakaupenda kama pambo. Leo unapanda juu ya misitu yao na kuinyonga. Kama una watoto, waoneshe kuvuta uzi wa katikati ya ua taratibu kwa nyuma, linatoka tone la asali wanalamba. Vitunda vyeusi vitakavyofuata ndivyo wasiguse, vinaumiza tumbo.