Mtoto kaandika "dahari", mwalimu wa Kiswahili kampiga eksi. Hii ni sawa kweli?

Kamwene wakuu,

Nimeshika daftari la insha la binti yangu wa darasa la sita hapa Iringa na damu inanichemka. Walipelekwa Isimila, pale njia ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka mjini, wakaonyeshwa yale mashoka ya mawe. Karudi kaandika: "Mawe haya yamelala ardhini dahari na dahari." Sentensi tamu kabisa. Mwalimu kaikata kwa wino mwekundu hadi karatasi imetoboka, juu yake kaandika "karne nyingi", pembeni "andika Kiswahili!" Alama mbili zimekwenda.

Nikamfuata. Sikwenda na shari, najua darasa lenyewe limefurika. Jibu lake: "Mzazi, dahari ni Kiarabu."

Haya, na karne je? Karne nayo ni Kiarabu, qarn, ambayo huko kwao ni pembe vilevile. Zama, Kiarabu. Enzi, Kiarabu. Tukianza kufukuza maneno kwa kuulizana kabila, huyu mwalimu atabaki kufundisha kwa ishara. Dahari imetoka kwenye dahr, muda mrefu usio na kipimo. Sura ya 76 ya Kurani hujulikana pia kwa jina hilo, Ad-Dahr. Si neno la vichochoroni.

Na afadhali angekosea lugha tu, kakosea na hesabu. Zana za Isimila hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Hizo ni karne 2,600 jamani! Mkwawa, yule chifu wetu wa Wahehe, kafa mwaka 1898, na kutoka kwake hadi leo ni karne moja na ushee. Ndiyo umweke Mkwawa na yale mawe kapu moja la "karne nyingi"?

Nilipombana akaja na "basi angeandika eoni, ndilo la kisayansi". Eoni! Hilo ni la Kigiriki, aion, ambalo zamani lilikuwa umri wa mtu, maisha yake, kisha likavutwa mpaka likawa zama zisizo na mwisho. Ile "milele na milele" ya kwenye Ufunuo, kwa Kigiriki ni neno hilohilo limerudiwa. Wanajiolojia nao wakalichukua, wakaigawa historia ya dunia, miaka bilioni 4.5 na zaidi, katika eoni nne tu. Hii tuliyomo, Fanerozoiki, ilianza miaka milioni 540 hivi iliyopita na bado inaendelea. Miaka 260,000 humo haijazi hata kijiko.

Kwa hiyo karne ni fupi mno, eoni ni ndefu mno, na neno pekee ambalo halikujitia kupima ndilo limepigwa eksi.

Binti sasa ananiambia safari nyingine ataandika tu "zamani sana", asisumbuliwe. Hapo ndipo nilipofungua uzi huu.

Jumatatu kuna kikao cha wazazi. Mwenye kamusi apige picha ukurasa wenye dahari autupie hapa. Ya kwangu panya wameila kuanzia B hadi F.