Kichwa kizito ukianza kupunguza wanga: chumvi, kushuka taratibu au mafuta ya MCT?

Mshale_7: Wakuu, mtu anaacha ugali, wali na chapati, anabaki na wanga chini ya gramu 50 kwa siku. Siku ya pili au ya tatu kichwa kinakuwa kizito, anasahausahau, hesabu ndogo inamshinda. Njia zinazotajwa ni chumvi na maji, kushuka taratibu kwa wiki tatu, au mafuta ya nazi/MCT (mafuta ya mnyororo wa kati, ambayo ini huyageuza haraka kuwa ketoni, nishati ambayo ubongo huweza kuitumia badala ya sukari). Aanze na ipi?

Jikoni_Tanga: Chumvi. Wengi wanadhani ubongo umekosa sukari tu, wanasahau figo. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli umeshikana na maji, takriban gramu 3 kwa kila gramu 1. Akiba ikiisha, maji yake yanatoka. Insulini nayo ikishuka, figo zinaachia sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi. Ndiyo maana mtu anakojoa sana, na akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Kosa kubwa ni kunywa maji matupu lita tatu nne: sodiamu iliyobaki inazimuliwa, kichwa kinazidi kuwa kizito, naye anaongeza maji tena!

Kipimo: nusu kijiko cha chai cha chumvi (gramu 3 hivi, sodiamu gramu 1.2) kwenye kikombe cha supu ya mifupa asubuhi, na kingine alasiri, juu ya chumvi ya chakula. Siku 7 hadi 10, kisha punguza. Kama shida ilikuwa chumvi, mara nyingi nafuu inakuja ndani ya saa moja hivi.

Daftari_la_Lishe: Naafiki, ila si kwa kila mtu. Mwenye presha, moyo au figo asiongeze chumvi bila daktari wake. Anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kisukari) ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L kichwa kinakuwa kizito vilevile, pamoja na jasho na kutetemeka. Huyo apime kwanza. Ikiwa imeshuka, anahitaji glukosi gramu 15, supu haitamsaidia. Dozi irekebishwe na daktari kabla ya kuanza mlo. Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin (dawa za kisukari zinazotoa sukari kwenye mkojo) wasijaribu peke yao kabisa: damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida.

Mshale_7: Asante. Na kushuka taratibu?

Kinu_na_Mchi: Ningempa dereva au fundi umeme, mtu ambaye kosa dogo kazini ni hatari. Wiki ya kwanza ondoa soda, sukari ya chai na maandazi. Ya pili, kata ugali nusu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga gramu 75 hivi, kwa hiyo hapo ndipo penye mzigo. Ya tatu, acha nafaka, jaza sahani kwa mchicha, parachichi, mayai na samaki.

Inapoharibika ni hapa: mtu amepunguza wanga lakini mafuta bado anayaogopa. Anakula kuku asiye na ngozi na kachumbari. Hiyo ni njaa tu, na ubongo wenye njaa haufikiri. Wanga ukishuka, mafuta yapande.

Jikoni_Tanga: MCT iwe ya mwisho. Na mafuta ya nazi si MCT: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, isiyogeuka ketoni haraka kama ile ya kaboni 8, ambayo kwenye nazi haifiki asilimia 10. Ukipata MCT yenyewe, anza na kijiko kimoja cha chai pamoja na chakula, ongeza kidogo kila baada ya siku tatu. Ukiruka hatua utaharisha, na kuharisha kunatoa chumvi ileile uliyokuwa unairudisha.

Daftari_la_Lishe: Zikipita wiki mbili, chumvi iko sawa na kichwa bado kizito, msiseme mwili unazoea. Angalieni usingizi, na kama kahawa ilikatwa siku moja na sukari. Anayetapika, kupumua haraka au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.